Mshonaji apimwe akiwa kwenye cherehani yake

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia. Amepandishwa cheo kuwa msimamizi wa laini, yaani safu ya washonaji wanaopokezana nguo hatua kwa hatua, kwenye kiwanda cha nguo, amekabidhiwa rundo la fomu za tathmini ya mwaka, na anaomba nimtumie mfano wa fomu nzuri. Fomu sina, ila neno la kumwambia ninalo. Na kwa kuwa najua wengi mnaonisoma mnatamani siku moja kuendesha viwanda vyenu wenyewe, nawaambia nyote.

Nilianza nikiwa mshonaji. Kazi yangu ilikuwa kupachika mikono ya mashati, na aliyewahi kukaa laini anajua ugumu wake: kichwa cha mkono ni kirefu kidogo kuliko tundu la bega, kwa hiyo ile ziada unaigawa kwa vidole huku cherehani inatembea, na isionekane kunyanzi hata moja. Mashati yangu yalikuwa hayarudi. Mwisho wa mwaka nikaitwa ofisini nikasomewa: "Wastani. Kasi imeshuka." Aliyeandika maneno hayo hakuwahi kusimama nyuma ya kiti changu. Angesimama angeona kwamba vipande vilikuwa vinatoka kwa wakataji alama za kuunganishia zikiwa zimehama, maana tabaka za kitambaa ziliteleza mezani wakati wa kukata. Kila mkono nilikuwa naupima upya kwa bega lake kabla ya kushona. Usimamizi akapewa mwenzangu mwenye kasi, ambaye mashati yake yalijaa kwenye kapu la kufumuliwa. Liliniuma sana, na nikilikumbuka bado linaniuma.

Miaka iliyofuata nairuka. Nilipopewa laini yangu, nilihamishia tathmini kwenye cherehani, kila siku. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kila hatua ya ushonaji ina muda wake uliopimwa. Hatua ya dakika 0.75 inatoa vipande 80 kwa saa. Aliyetoa 60 ana ufanisi wa asilimia 75. Wasimamizi wengi wakishaipata namba hiyo wanafunga daftari. Mimi hapo ndipo naanza kuuliza. Kwa nini 60? Sindano imekuwa butu? Uzi unakatika? Bando, yaani furushi la vipande vya kushona, limechelewa kutoka hatua ya nyuma? Laini nzima haiwezi kutoa nguo haraka kuliko hatua yake iliyo nzito zaidi, kwa hiyo kumwandikia "mvivu" mtu anayesubiri kazi ni dhuluma, tena dhuluma inayokugharimu wewe mwenyewe.

W. Edwards Deming, Mmarekani aliyewafundisha Wajapani mambo ya ubora baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, katika miaka ya 1980 aliihesabu tathmini ya mwaka miongoni mwa magonjwa yanayoua uendeshaji wa makampuni. Alisema sehemu kubwa ya matokeo ya mfanyakazi inatokana na mfumo aliowekwa ndani yake. Niliposoma hayo nilijiona mimi na yale mashati.

Kwa upande wa ubora tulitumia kadi za rangi, utaratibu wa kawaida viwandani. Mkaguzi anapita bila kutoa taarifa, anachukua vipande saba kwa mshonaji, kisha anatundika kadi ya kijani, njano au nyekundu juu ya cherehani. Kadi nyekundu inasimamisha kazi. Msimamizi anakuja pale pale, anakaa na mshonaji, wanatafuta tatizo pamoja. Mimi nilikataza kabisa mtu kugombezwa mbele ya kadi nyekundu, kwa sababu mshonaji akiogopa ataficha kasoro chini ya bando, na utaikuta kwenye ukaguzi wa mwisho nguo zikiwa tayari zimefungwa.

Hapo ndipo biashara inapofia. Faida ya shati moja ni nyembamba mno; likifumuliwa na kushonwa tena, imekwisha. Mzigo ukichelewa meli, mnunuzi anaweza kudai usafirishwe kwa ndege, na gharama inabaki kwako. Mwezi uliopita oda yetu kubwa imepanda meli kwa wakati, bila hata katoni moja kurudishwa. Najivunia hilo, na wale washonaji wanajua nawajivunia, kwa sababu niliwaambia nikiwa nimesimama kwenye mashine zao.

Simama pale, ndugu yangu. Simama asubuhi, simama baada ya chakula mikono inapochoka. Jua nani anaweza kola, nani anaweza mifuko, nani yuko tayari kufundishwa hatua ya pili. Sifa itoe siku hiyo hiyo. Lawama, chunguza kwanza. Mtu akifika Desemba ndipo asikie kosa la Machi, umemnyima nafasi ya kulirekebisha kwa miezi yote hiyo.

Zile fomu zako ziweke kando kwanza. Mwombe afisa utumishi akuongezee muda, nunua daftari, na kesho anza na hatua inayokwamisha laini yako.