Re: Nyama ya teriyaki haing'ai

Dada, umeuliza kwa nini nyama yako ya teriyaki (pishi la Kijapani la nyama yenye mchuzi mtamu wa soya) inaogelea kwenye maji badala ya kung'aa. Kikaango hakijashika moto, na umejaza nyama yote kwa mpigo. Chukua steki, kata vipande vyembamba ukikatisha nyuzi, ikaushe vizuri, kaanga kidogo kidogo hadi iwe kahawia, kisha itoe. Kwenye kikaango hichohicho mimina vijiko 3 vya soya sosi, 3 vya mirin, 1 cha sukari na tangawizi ya kukuna. Mirin ni pombe tamu ya mchele. Kama hutumii kileo, weka maji na uongeze sukari. Subiri mapovu yawe makubwa na mazito, ndipo urudishe nyama, uigeuzegeuze dakika moja tu. Chumvi usitie kabisa! Kula na wali mweupe usio na nazi.