Geuza vichujio nyuzi 45 kwanza

Vijana wa fizikia hapa Unguja wakinijia na habari za fotoni zilizofungamana (jozi za chembe za nuru ambazo majibu yao kwenye vipimo yanahusiana hata zikitengana), hamu yao ni kurukia jaribio la Bell, linalopima kama majibu hayo yalipangwa tangu mwanzo, moja kwa moja. Mimi huwaambia watulie, waikague nuru yao kwanza.

Maabara niliyosomea ng'ambo tulipiga kristali kwa leza ya nanomita 405. Mara chache sana fotoni moja hugawika, zikatoka mbili za nanomita 810, kila moja ikaenda kwenye kichujio cha polarisheni (hupitisha nuru inayotetema upande mmoja tu) na kigunduzi chake. Weka vichujio vyote wima: zinapita pamoja. Laza kimoja: jozi zinazopita karibu zinakwisha. Hapo watu hushangilia, na mimi sishangilii. Nuru ya kawaida tu, nusu ya jozi wima na nusu mlalo, hutoa hesabu hizo hizo. Basi geuza vyote viwili hanamu, nyuzi 45. Nuru ile ya kuchanganywa sasa inajibu ovyo ovyo. Iliyofungamana bado inakubaliana. Kipimo hiki ni cha dakika chache, nami nakiamini kuliko chochote kinachofuata.

Huna leza? Sokoni Darajani hukosi kikokotoo kibovu. Bandua plastiki iliyo juu ya kioo chake, izungushe mbele ya skrini ya laptopu mpaka pawe peusi ti, kisha rudi nyuma nyuzi 45 uone nusu ya mwanga ikirejea. Fotoni zilizofungamana hupati hapo (video za mitandaoni zisikudanganye), lakini pembe utazielewa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mwanafizikia John Bell alitoa hoja yake 1964. Clauser na wenzake wakaipa sura ya kupimika 1969. Kama kila fotoni imetoka na majibu yake mfukoni, S, yaani jumla ya uhusiano wa majibu kwa jozi nne za pembe (mmoja hutolewa badala ya kujumlishwa), haivuki 2. Nadharia ya kwanta inaruhusu hadi 2.83. Tumia nyuzi 0 na 45 upande mmoja, 22.5 na 67.5 upande wa pili. Utofauti wa hesabu (ya juu kabisa kutoa ya chini kabisa, gawa kwa jumla yao) ukiwa chini ya asilimia 71 hivi kwa pembe zote, 2 huivuki, kwa hiyo rudi kwenye kristali.

Na ukipata 2.4, andika 2.4 bila mbwembwe. Vigunduzi vya skuli hukosa fotoni nyingi, na pande mbili za meza moja zina nafasi ya kupashana habari. Mianya hiyo miwili ilizibwa kwa pamoja 2015 tu, katika majaribio ya Delft, Vienna na Boulder.