Pishi moja kwa siku

Mhariri, swali lenu la juma hili lilikuwa hili: ni nini kinachoimarisha imani ya mtu, muujiza aliouona kwa macho yake au ibada ya kila siku? Na imani ikipungua, afanye nini? Najua wengi watajibu kwa ushuhuda wa uponyaji au wa kazi iliyopatikana baada ya mkesha, na sina neno nao. Mimi nasimama upande wa ibada ya kila siku. Hoja yangu naitoa kwenye fungu la kitabu cha Kutoka ambalo Wayahudi hulisoma kati ya Januari na Februari. Wanaliita Beshalach. Linaanzia sura ya 13, pale Farao alipowaachia watu waende zao, na kuishia mwisho wa sura ya 17.

Kwa wasioujua utaratibu huo: Torati, yaani vitabu vitano vya Musa, imegawanywa mafungu 54, na kila juma lina fungu lake, ingawa yapo majuma ambayo mafungu mawili husomwa pamoja. Mwaka huanza na kitabu cha Mwanzo, baada ya Sikukuu ya Vibanda. Wakifika mwisho wa Kumbukumbu la Torati hawapumziki. Siku hiyohiyo wanarudi kwenye "Hapo mwanzo". Sabato asubuhi fungu husomwa sinagogi, kutoka kwenye gombo la ngozi lililoandikwa kwa mkono.

Mimi ni Mlutheri, mzaliwa wa Moshi. Utaratibu huu niliujua nikiwa London, nikimtunza mzee mmoja wa Kiyahudi mtaa wa Golders Green. Macho yake yalikuwa yamedhoofika, kwa hiyo jioni nilimsomea fungu la juma kwa Kiingereza, naye akawa ananieleza marabi wa kale walisema nini juu ya kila mstari. Nilichoshangaa ni kwamba maneno niliyokuwa nikiyasikia tangu shule ya Jumapili, nikidhani nayajua, yalikuwa na mambo mengi niliyoyaruka.

Chukua Bahari ya Shamu. Sisi hukimbilia fimbo ya Musa na maji kugawanyika. Lakini kabla ya hapo Musa anaomba, na jibu analopata ni la ukali: "Mbona unanililia mimi? Waambie wana wa Israeli waendelee mbele." Waendelee wapi, na mbele ni maji? Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mafundisho na mijadala ya marabi wa kale, katika sehemu iitwayo Sota, ina simulizi juu ya hapo. Makabila yalisimama ufukweni yakibishana, kila moja likisema halitatangulia kuingia. Ndipo Nashoni mwana wa Aminadabu, wa kabila la Yuda, akajitosa. Marabi wanamtia kinywani maneno ya Zaburi ya 69, ya mtu ambaye maji yamemfika nafsini. Musa wakati huo alikuwa bado anarefusha sala, naye Mungu akamwambia: wapenzi wangu wanazama baharini, nawe unarefusha sala? Kwa hiyo, kwa simulizi hii, bahari ilipasuka mtu akiwa tayari ndani yake.

Baada ya kuvuka wanaimba. Wimbo huo, sura ya 15, umeandikwa kwenye gombo kwa mpangilio wa peke yake: maneno na nafasi tupu vinapishana mstari kwa mstari, mfano wa ukuta wa matofali. Ukisomwa, sinagogi zima husimama, na Sabato ya juma hilo huitwa Sabato ya Wimbo. Maandiko yanasema watu walimwamini Bwana na Musa mtumishi wake. Kama muujiza ndio unaojenga imani ya kudumu, basi kazi ilikwisha pale. Hakuna kizazi kilichoona kikubwa kuliko hicho.

Geuza ukurasa. Wanatembea siku tatu jangwani bila maji, wanafika Mara, maji ni machungu, na manung'uniko yanaanza. Siku tatu tu!

Hapa ndipo nilipoikamata hoja yangu. Talmudi, sehemu ya Bava Kama, inasema manabii wa wakati huo walikaa wakatafakari hizo siku tatu. Wakasema maji ni Torati, na watu wakikaa siku tatu bila Torati wanachoka. Wakaamuru isomwe Sabato, tena Jumatatu, tena Alhamisi, ili zisipite siku tatu mfululizo bila kusomwa. Hadi leo ndivyo ilivyo: Jumatatu na Alhamisi asubuhi gombo linatolewa na mwanzo wa fungu la juma linasomwa, wengine wakiwa wamevaa nguo za kazini. Waliotunga utaratibu huo hawakuwalaumu wazee wao kwamba muujiza haukuwatosha. Walikubali kwamba binadamu yuko hivyo, wakampangia ratiba.

Nataka kukaa kidogo na hayo manung'uniko, kwa sababu mahubiri yetu huyatumia vibaya. Soma tena sura ya 15 hadi ya 17. Wanalia kiu pale Mara, wanapewa maji matamu. Wanalia njaa, wanapewa mana na kware. Wanalia kiu tena Refidimu, hata Musa anahofia kupigwa mawe, na bado mwamba unatoa maji. Hakuna anayepigwa kwa tauni. Adhabu za manung'uniko zinakuja kitabu cha Hesabu, baada ya Sinai, watu wakiwa wamekwisha kujifunza. Mama mwenye watoto wenye kiu akipaza sauti hajakosa imani, ana watoto wenye kiu. Naumia nikisikia mtu aliyefiwa au aliyefukuzwa kazi akiambiwa asilalamike, eti ataonekana hana imani.

Kisha inakuja mana. Kila mtu pishi moja, aliyeokota nyingi hakuzidisha na aliyeokota chache hakupungukiwa. Isibakizwe hadi asubuhi. Waliobakiza iliwaingia mabuu ikanuka. Siku ya sita huanguka maradufu, ya saba hakuna kitu, na waliotoka kutafuta siku hiyo walirudi mikono mitupu. Na hili lilidumu miaka 40! Wanafunzi wa Rabi Shimon bar Yochai walimwuliza kwa nini haikushuka mara moja kwa mwaka, wakaweka ghalani. Akawapa mfano wa mfalme aliyekuwa akimpa mwanawe posho ya mwaka mzima kwa mara moja, na mwana akawa anakuja kumwona baba yake mara moja kwa mwaka. Mfalme akabadili, akampa posho kila siku, na mwana akaja kila siku. Ndivyo na mwenye watoto jangwani, alisema rabi: kila jioni alikuwa na wasiwasi kama kesho itashuka, na wasiwasi huo ukamfanya amwelekee Mungu.

Yule mzee alikuwa na namna yake ya kuitunza mana. Ijumaa jioni, kabla ya Sabato kuingia, niliweka mezani mikate miwili iliyosukwa, kitambaa chini yake na kitambaa kingine juu. Mikate miwili ni kwa sababu ya ile sehemu maradufu ya siku ya sita. Vitambaa viwili ni kwa sababu, kwa mapokeo yao, mana ilishuka ikiwa katikati ya umande wa chini na umande wa juu. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka, lakini hakukubali nimsaidie kuinua. Aliinua yote miwili pamoja, akabariki, akakata mmoja, akauchovya kwenye chumvi na kunipa kipande. Hakuwahi kunisimulia muujiza wowote wa maisha yake. Alikuwa na Ijumaa zake.

Mkinijibu kwamba hayo ni ya watu wenye masinagogi makubwa na maisha yaliyotulia, nendeni Mbale, Uganda. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, kiongozi wa kijeshi wa Buganda, alianza kushika Torati na watu wake, na jumuiya hiyo, Abayudaya, ipo mpaka leo. Chini ya Idi Amin, miaka ya 1970, dini yao ilipigwa marufuku. Wengi waliiacha. Waliobaki walisali kwa siri, Sabato baada ya Sabato. Mwaka 2008 mmoja wao, Gershom Sizomu, alitawazwa kuwa rabi huko Marekani akarudi nyumbani kuwafundisha. Siwezi kuamini kwamba watu wanaosali kwa kujificha miaka yote hiyo walishikiliwa na kumbukumbu ya muujiza mmoja.

Sisemi muujiza ni bure. Sura ya 16 yenyewe inaagiza pishi moja ya mana iwekwe katika kopo, mbele za Bwana, vizazi vijavyo vione. Moja tu, na haikuwa ya kuliwa.

Nabaki na nusu ya pili ya swali: imani ikipungua. Fungu linamalizikia vitani, Waamaleki wamewavamia. Yoshua anapigana bondeni, Musa yuko kilimani ameinua mikono. Ikiinuka Israeli wanashinda, ikishuka wanashindwa. Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi ambao Talmudi imejengwa juu yake, inauliza, je, mikono ya Musa ndiyo inayopigana? Inajibu kwamba Israeli walipotazama juu na kumtiishia Baba yao wa mbinguni mioyo yao, walishinda. Lakini mikono ya Musa, aliyepasua bahari majuma machache nyuma, inakuwa mizito. Haruni na Huri hawamwambii aongeze maombi. Wanamtafutia jiwe akae, kisha mmoja upande huu na mwingine upande huu wanaishikilia mikono hadi jua linatua. Kwa hiyo msomaji aliyechoka nitamshauri asikae peke yake nyumbani akisubiri moyo urudi. Awaambie watu wawili anaowaamini, aseme wazi kwamba amechoka, wamwombee na waje wakae naye.

Anayetaka kujaribu kusoma kwa mafungu hahitaji kitabu kipya. Biblia aliyo nayo inatosha, na kalenda ya mafungu inapatikana kwenye intaneti. Mzunguko mpya huanza Septemba au Oktoba. Ila si lazima kungoja: Wayahudi wenyewe, anayechelewa huingilia palipofikiwa juma hilo na kuendelea na wenzake.