Dola ikishuka, bei ya sangara nayo hushuka

Mleta mada ameuliza kwa nini bei za madukani hazishuki shilingi inapoimarika dhidi ya dola, na mchangiaji mmoja akamjibu kwamba ni uroho wa wafanyabiashara tu. Nitajibu kwa ninayoyaona, kwa kuwa mimi hununua sangara kwenye mialo (sehemu ambazo boti hushushia samaki) ya Ukerewe na Sengerema kwa ajili ya kiwanda cha minofu hapa Mwanza, na mke wangu ana duka la nyavu na vipuri vya injini za boti Kirumba, hivyo dola hutugusa pande zote mbili.

Upande wangu maumivu hayachelewi. Minofu huuzwa nje kwa fedha za kigeni, ilhali mvuvi, barafu, mafuta ya boti na vibarua hulipwa kwa shilingi. Mwaka 2024 dola ilifika takribani shilingi 2,700, kisha Desemba ikateremka hadi karibu 2,400. Tuseme kilo ya minofu inauzwa dola 5: mapato yake yanatoka shilingi 13,500 hadi 12,000, hata kama mnunuzi wa Ulaya hajapunguza senti moja. Kiwanda hakikubali kuibeba hasara hiyo peke yake. Bei mpya hunifikia kwa simu, nami huishusha mwaloni, na anayeipokea mwishoni ni mvuvi ambaye pengine hajawahi kuishika dola mkononi. Mabondo, yaani vibofu vya hewa vya sangara, hufuata mkondo huohuo, kwani soko lake kubwa liko China. Mwenye dagaa wa kupeleka Dodoma haguswi kwa kiasi hicho.

Dukani mambo huenda polepole. Nyavu zilizopo ziliagizwa dola ikiwa juu, na mke wangu akiziuza kwa hesabu ya dola ya leo atakula mtaji. Ni kweli wapo wanaong'ang'ania bei ya zamani hata baada ya mzigo mpya kufika, na hao siwatetei. Petroli nayo ni vivyo hivyo: bei kikomo ambazo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza kila mwezi hutokana na mafuta yaliyoagizwa mapema, na sisi wa kanda ya ziwa huongezewa gharama ya kuyasafirisha kutoka bandarini.

Kuhusu sifa za kuimarika kwa shilingi ambazo wengine wanampa kila kiongozi wanayempenda, ningeomba tuangalie kalenda kwanza. Dola huongezeka nchini kuelekea mwisho wa mwaka, watalii wakiwa wameshapita kwa wingi na korosho zikiuzwa, kisha huadimika miezi ya mwanzo. Benki Kuu nayo inanunua dhahabu ya ndani ili kukuza akiba yake, hatua ambayo naiunga mkono. Lakini anayetaka kupima kazi ya serikali alinganishe Desemba na Desemba: mwishoni mwa 2023 dola ilikuwa karibu shilingi 2,500, na mwishoni mwa 2024 karibu 2,400. Nafuu ipo, ila ni ndogo kuliko inavyotangazwa vijiweni.