Grand Canyon Januari: nendeni, ila jueni barafu inakaa wapi

Swali la juma lilikuwa: je, kuna maana ya kwenda Grand Canyon, lile korongo kubwa la Arizona, Marekani, miezi ya baridi, na familia yenye wazee na watoto itaiweza safari hiyo? Jibu langu ni ndiyo kwa yote mawili. Tena kipindi cha katikati ya Januari hadi mwisho wa Februari ningekichagua kuliko mwezi wowote wa kiangazi, kwa sababu watu ni wachache, maegesho yapo, na hewa ikishasafishwa na dhoruba ukuta wa ng'ambo unaonekana tabaka kwa tabaka. Wiki ya Krismasi hadi Mwaka Mpya iacheni, maana msongamano wake ni kama wa kiangazi.

Kinachowaponza wageni ni lile neno jangwa. Mtu akisikia jangwa la Arizona hufungasha koti jepesi na raba. Lakini ukingo wa kusini, ambako karibu kila mgeni hufikia, uko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, kimo cha Eldoret, ila kwenye latitudo 36 kaskazini. Januari mchana joto ni nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, usiku hushuka hadi 8 chini ya sifuri, na kwa mwaka huanguka theluji ya karibu mita moja na nusu. Chini mtoni, kwenye kambi ya Phantom Ranch, kimo ni mita 750 tu, na siku hiyohiyo mchana unaweza kufika nyuzi 13 au 14. Kila ukishuka mita 300, joto huongezeka nyuzi 3 hivi. Jangwa lenyewe liko huko chini. Juu ni msitu wa misonobari wenye theluji, na ndiko utakakolala.

Ukingo wa kaskazini uondoeni kwenye mpango. Uko juu zaidi, karibu mita 2,400, huduma zake hufungwa katikati ya Oktoba hadi katikati ya Mei, barabara yake hufungwa kwa theluji, na moto wa Julai 2025 uliteketeza hoteli yake. Vilevile lile daraja la kioo linaloitwa Skywalk haliko ndani ya hifadhi ya taifa. Liko Grand Canyon West, ardhi ya Wahualapai, kabila la wenyeji wa asili, mwendo wa zaidi ya saa nne kwa gari kutoka ukingo wa kusini, na lina kiingilio chake. Kwenye ramani ya simu andikeni Grand Canyon Village, si Grand Canyon tupu.

Kutoka Phoenix, ambako Waswahili wa Kongo na Burundi ni wengi, ni kilomita 370 hivi, karibu saa nne barabara ikiwa kavu. Toka Flagstaff, mji ulio njiani, kuna njia mbili. Barabara ya 180 ni fupi lakini hupita nyanda za juu zenye theluji nyingi. Kukiwa na theluji, pitieni mji wa Williams kisha barabara ya 64, hata kama ramani inasema mtachelewa. Kabla ya kuondoka Phoenix, badilisheni maji ya kuoshea kioo cha mbele. Magari ya mji ule wa joto mara nyingi yana maji ya kawaida au dawa ya kiangazi, na vikiganda kwenye mrija huku lori la mbele linawarushia tope la chumvi na theluji, hamtaona kitu. Jazeni mafuta Williams au Flagstaff. Fikeni kabla ya giza, kwa kuwa jua mwishoni mwa Desemba huzama saa kumi na moja na robo jioni, na baada ya hapo barafu hurudi barabarani pamoja na elki, wanyama wa jamii ya kulungu wenye uzito wa farasi. Hali ya barabara za Arizona hutolewa kwa simu namba 511.

Kiingilio ni dola 35 kwa gari dogo, na hutumika siku 7. Kwa anayetoka nje, tangu Januari 2026 kila asiye mkazi wa Marekani mwenye umri wa miaka 16 na zaidi huongezewa dola 100 katika hifadhi hii. Wakiwa wawili au zaidi kwenye gari moja, wapige hesabu ya pasi ya mwaka ya wageni ya dola 250, hasa kama wanapita pia hifadhi za Zion au Bryce Canyon. Kuhusu malazi, fuatilieni habari za maji kabla ya kulipia. Bomba linaloleta maji ukingo wa kusini toka upande wa pili wa korongo ni la zamani na hupasuka mara kwa mara. Desemba 2025 mipasuko hiyo ilisimamisha malazi ndani ya hifadhi. Likitokea hivyo, mji mdogo wa Tusayan uko jirani na lango.

Sasa raha yenyewe. Barabara ya Hermit, kilomita 11 kuelekea magharibi, imefungwa kwa magari binafsi kuanzia Machi hadi Novemba, na wageni hupanda mabasi ya hifadhi. Desemba, Januari na Februari hufunguliwa, na mnaweza kwenda na gari lenu wenyewe, mkisimama mnapotaka na kukaa garini na hita ikiwaka hadi mwanga ufike. Kati ya sehemu zake za kutazamia, Hopi Point ni ya machweo, kwa sababu imejitokeza na inaona mashariki na magharibi. Pima Point ni ya masikio: upepo ukitulia, maporomoko ya mto Colorado yanasikika kutoka zaidi ya kilomita moja chini. Dhoruba ikipita, barabara hii hufungwa kwa muda ili theluji iondolewe, na ile ya Desert View upande wa mashariki vilevile. Siku hiyo anzeni na sehemu ya kutazamia ya Mather Point, ambako husafishwa mapema.

Kushuka korongoni ndiko kunakohitaji akili. Wakati wa baridi jua hupita chini upande wa kusini. Mwishoni mwa Desemba, saa sita mchana, liko nyuzi 30 tu juu ya upeo. Njia za ukingo wa kusini zimening'inia kwenye ukuta unaotazama kaskazini, kwa hiyo kuna sehemu hazipati jua wiki nzima. Theluji ikianguka hapo hukanyagwa na viatu na kwato za nyumbu, huyeyuka kidogo juu mchana, huganda usiku, na baada ya siku chache ni kioo kigumu chenye mteremko. Njia ya Bright Angel imebanwa kwenye ufa wenye kuta ndefu pande zote, basi barafu yake hudumu. Njia ya South Kaibab ina zigizaga za kivuli mwanzoni, kisha hutokeza kwenye mgongo wenye jua. Kwa mgeni wa siku moja naipendekeza hiyo: kutoka mwanzo wa njia hadi Ooh Aah Point ni kilomita 1.4, hadi Cedar Ridge ni kilomita 2.4 na mteremko wa mita 340. Geuzeni hapo. Gari binafsi haliruhusiwi kufika mwanzo wa njia hii. Panda basi la bure la mstari wa machungwa kutoka kituo cha wageni.

Bila meno ya chuma viatuni msishuke. Ni mpira unaovishwa kuzunguka kiatu, chini una mnyororo mdogo wenye meno. Madukani waulizieni microspikes, hata duka la kijijini ukingoni huziuza. Vaeni kabla ya hatua ya kwanza, si baada ya kuteleza, kwa maana kuinama kuvaa juu ya barafu ndiko kunakoangusha watu. Barafu ikiisha, vueni: kwenye mwamba mtupu meno huwa butu na hukwaza mguu. Chini ya sehemu ya barafu mtakuta tope jekundu linalogandamana na soli. Fimbo mbili za kutembelea husaidia zaidi kushuka kuliko kupanda.

Maji hayapo kabisa kwenye njia ya South Kaibab, na mabomba ya juu ya Bright Angel hufungwa msimu wa baridi yasipasuke. Bebeni lita 2 kila mtu, kwa chupa, kwa kuwa mfuko wa maji wenye mrija wa kunyonyea huganda mrijani kwanza. Mtu hasikii kiu kwenye baridi, lakini hewa ni kavu na maji yanatoka kwa pumzi. Kuleni vya chumvi njiani. Saa moja ya kushuka hudai saa mbili za kupanda, na jasho la kupanda ndilo litakalowagandisha mkifika juu kivulini. Ndiyo maana jinzi na fulana za pamba hazifai: zikilowa hazikauki. Sufu ndani, sweta nzito katikati, koti la kuzuia upepo juu, na mfungue zipu kabla hamjaanza kutoka jasho. Simu iwekeni mfuko wa ndani, betri hufa upesi kwenye baridi.

Sehemu kubwa ya ukingo haina kizuizi, na theluji huficha mahali mwamba unapoishia. Kaeni nyuma ya alama zilizokwisha kanyagwa na mshikeni mtoto mkono, si kofia ya koti. Mkikuta korongo lote limejaa ukungu, msiondoke. Mara nyingine hewa baridi hunaswa ndani chini ya hewa yenye joto zaidi, mawingu yakalala chini yenu, na hupasuka jua likipanda.

Kwa wazee, pangeni siku kuzunguka Barabara ya Hermit kwa gari, kisha Makumbusho ya Jiolojia ya Yavapai. Yako ukingoni kabisa, ndani kuna joto, na madirisha yake makubwa yanatazama korongo moja kwa moja. Mzee anaweza kukaa hapo saa nzima na akaona zaidi ya aliyesimama nje akitetemeka kwa dakika kumi.