4,294,967,297 si namba tasa, igawe kwa 641

Mkuu, umesema umeigawa 4,294,967,297 kwa 3, 7, 11, 13 na kuendelea, kila mara unapata baki, ndiyo maana unauliza kama ni namba tasa. Si tasa. Namba hii ninaijua vizuri. Nikiwa kidato cha tano niliigawa kwa namba tasa moja baada ya nyingine, daftari likajaa, nikafika 307 nikaacha nikiamini ni tasa.

Fermat, yule mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, aliamini hivyohivyo. Ukichukua 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, kila mara ukajumlisha 1, unapata 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote tasa. Inayofuata ni 2³² + 1, ndiyo hiyo yako, naye akaona haiwezi kuwa tofauti. Mwaka 1732 Euler, mwanahisabati Mswisi, akaonyesha kwamba inagawanyika.

Kinachochosha ni kugawa bila kuchagua. Euler alithibitisha kwamba kigawo chochote tasa cha namba hii, ukikigawa kwa 64, lazima kibakize 1. Kwa hiyo 3, 7, 11 na 13 unazifuta bila hata kushika kalamu. Zinazosalia kuanzia chini ni 193, 257, 449, 577, 641. Ya tano tu, mkuu! Mimi nilikuwa nimeshapita kwenye namba kama 60 zisizo na kazi yoyote.

Wala usihangaike na tarakimu zote kumi, fuata mabaki tu. 2¹⁶ ni 65,536. Igawe kwa 641, baki 154. Sasa 2³² ni 2¹⁶ × 2¹⁶, kwa hiyo zidisha baki kwa lenyewe: 154 × 154 ni 23,716. Gawa tena kwa 641, baki 640. Hilo ndilo baki la 2³². Jumlisha ile 1 ya mwisho: 641, yaani hakibaki kitu. Siku nilipoiona hiyo 640 imetoka mkononi mwangu nilirudia hesabu mara tatu kwa furaha. Hadi leo sijaona mistari minne ya hesabu inayonipendeza kuliko hiyo.

Kigawo cha pili ni 6,700,417, nacho ni tasa, kwa hiyo hapo umemaliza.

Ukitaka kuizoea njia hii, anza na 193. 2¹⁶ itakuachia baki 109, na ukifika mwisho kabisa utapata 109 tena.