Winchi ya zamani kwenye gari la kisasa: anza na upande wa breki, kisha umeme, bampa baadaye

Swali ni hili: mwenzetu ana winchi ya zamani ya Warn 8274, ile mashine ya umeme ya kulinasua gari kwa kulivuta, aliyoifungua yote, akaisafisha na kuipaka rangi, sasa anataka kuifunga mbele ya pikapu ya kisasa yenye mifuko ya hewa na alteneta inayoongozwa na kompyuta. Anauliza kama bampa ya kawaida ya winchi itafaa, na atumie nyaya za unene gani. Nitafika huko, ndugu, ila kuna jambo hukuuliza ambalo ndilo hurudisha magari kinyumenyume mteremkoni, kwa hiyo naanza nalo.

Winchi hii ilitoka mwaka 1974. Jina lenyewe linasema: ratili 8000 (kilo 3600 hivi), mwaka 74. Gia zake ni za meno yaliyonyooka, uwiano wa 134 kwa 1, na breki imekaa ndani ya boksi la gia, si ndani ya ngoma, yaani silinda inayoviringia waya. Breki hiyo hujikaza yenyewe mzigo unapovuta, lakini hujikaza kwa upande mmoja tu. Ukiizungushia ngoma waya wa kuvutia kinyume, mota itavuta vizuri kabisa, utafurahi, halafu ukiachia kitufe gari linashuka.

Kosa hilo huzaliwa wakati wa ukarabati. Mota imefunguliwa, nyaya za umeme za vituo vya F1 na F2, vile vya koili za nje za mota, zimerudishwa kinyume, na sasa kitufe cha kuvuta kinatoa waya. Badala ya kurekebisha nyaya hizo, fundi anaviringisha waya wa kuvutia upande wa pili wa ngoma. Vitufe vinakubali, breki inakataa.

Namna ya kujua ni kusikiliza. Funga winchi kwenye meza imara, ngoma ikiwa tupu, uiendeshe pande zote mbili. Upande wa kuvuta utasikia tik-tik-tik ya haraka: ni ulimi wa breki unaoruka juu ya meno ya gurudumu lake. Upande wa kuachia kuna ngurumo ya gia tu, bila mlio huo. Mlio ukija unapobonyeza kitufe cha kutoa, badilishana F1 na F2 kwenye mota. Usipopata mlio upande wowote, ulimi au springi yake haikurudishwa sawasawa. Fungua tena kabla ya kwenda mbele. Na usijaribu kugeuza mzunguko kwa kubadilisha chanya na hasi za betri. Mota ya namna hii ina koili za nje zilizoungwa mfululizo na rota, zote mbili hugeuka pamoja, kwa hiyo itazunguka upande uleule. Tena bodi ya mota ndiyo ethi. Ukiipelekea chanya na huku imefungwa kwenye chesisi, umetengeneza shoti.

Sasa rangi. Winchi nyingi zilizofufuliwa hurudi zimepakwa rangi ya unga kila mahali, mpaka pasipotakiwa. Kwenye nyuso zinazokutana, yaani miguu ya winchi, chini ya vichwa vya bolti na pale mota inapokaa, rangi ile husagika taratibu kwa mtikisiko na bolti zinalegea bila mtu kuzigusa. Mahali pa ethi rangi ni kihami. Kwangua mpaka chuma king'ae, paka grisi kidogo baada ya kufunga ili pasipate kutu.

Kwenye bolti za miguu kuwa makini mno. Winchi ya Marekani ya miaka hiyo ina nyuzi za inchi: 3/8, nyuzi 16 kwa inchi. Bolti ya M10 inaikaribia sana, kwani 3/8 ni milimita 9.5 na hatua yake ni milimita 1.59, wakati M10 ni 1.5. Inaanza kuingia, inakaza, fundi anaongeza nguvu, na tundu la alumini limeharibika. Tumia bolti za inchi, daraja la 5, ziingie ndani ya alumini walau milimita 15 hadi 18 bila kugonga mwisho wa tundu, ukaze kwa nyutonimita 40 hivi. Bolti ngumu zaidi haisaidii hapo. Nyuzi za alumini zitakatika kabla yake.

Kuhusu bampa: mpangilio wa matundu ulioenea kwa winchi za ratili 8000 hadi 12000 ni milimita 254 kwa 114.3, na kwa miguu peke yake utaona kila kitu kinaingia. Tatizo liko juu. Bampa nyingi za siku hizi zimetengenezwa kwa winchi iliyolala, mota upande mmoja, boksi la gia upande wa pili, ngoma katikati. Hii yako imesimama, mota iko juu ya ngoma, na juu ndipo zilipo grili, rejeta na intakula (kipoza hewa ya turbo). Tengeneza kiolezo cha kadibodi chenye kimo na upana wa winchi, kiweke mahali pake, funga boneti, kisha angalia mambo matatu: boneti inafunguka bila kugusa, kati ya mota na chochote cha bodi kuna nafasi ya milimita 20 au zaidi, maana bodi na chesisi havitikisiki pamoja, na mkono wa klachi, ule wa kuiachia ngoma izunguke huru, unafikika ukiwa umevaa glavu na gari limezama nusu tairi. Hilo la tatu husahaulika sana.

Usikate kitu chochote nyuma ya bampa ya kiwandani kabla hujajua kazi yake. Zile boksi za chuma chembamba mwisho wa chesisi zimewekwa zikunjamane kwenye ajali, na sensa za mifuko ya hewa zimesomeshwa kasi ya mkunjo huo. Chukua bampa au fremu ya winchi iliyotengenezwa kwa modeli yako na inayotamkwa kuafikiana na mifuko ya hewa, ifungwe kwenye matundu ya kiwandani ya chesisi. Kulehemu kwenye ncha za chesisi sikushauri hata kidogo: chuma cha siku hizi hupoteza nguvu kikipata moto, na umeme wa kulehemu unaweza kuua kompyuta. Bati la kubebea winchi liwe la milimita 6 angalau, na lishike reli zote mbili za chesisi, kwa sababu ukivuta kwa pembe karibu mzigo wote hulalia reli moja. Kama grili ina rada ya breki ya dharura, mota wala waya visikae mbele yake.

Uzito pia uhesabiwe. Tuseme winchi na waya wake ni kilo 50, bampa kilo 60. Kilo 110 zikikaa sentimita 90 mbele ya ekseli, kwenye gari lenye mita 2.8 kati ya ekseli, mbele inaongezeka kilo 145 na nyuma inapungua 35. Springi za mbele zilizochoka zitalala, na taa zitahitaji kupangwa upya.

Sasa umeme. Mota hii ikivuta mzigo mzito hufika ampea 400 na zaidi, na alteneta ya ampea 120 haiwezi kuifikia. Ampea 280 zilizobaki zinatoka kwenye betri, karibu ampea-saa (Ah) 4.7 kila dakika. Dakika kumi za kuvuta kwa nguvu ni Ah 47, na betri ya Ah 70 haitakubali kutoa kiasi hicho kwa kasi hiyo bila volti kuporomoka. Vuta dakika moja, pumzika, injini iwe kwenye mizunguko 1200 hadi 1500, na ule mfumo wa kuzima injini gari likisimama uuzime.

Nyaya: kwa ampea 400 na jumla ya mita 3 kwenda na kurudi, shaba ya milimita za mraba 25 inapoteza volti 0.8, ya 35 volti 0.6, ya 50 volti 0.4. Chukua 50. Hakikisha ni shaba tupu. Waya wa alumini uliopakwa shaba unafanana kwa nje, lakini kata ncha yake ukwangue, utaona weupe ndani. Volti zikishuka, ubaya si winchi kwenda polepole tu. Koili za solenoidi, yaani swichi za sumaku zinazowasha mota, zinakosa nguvu ya kushika, vigusio vinatetemeka, vinatoa cheche na kushikana. Hapo umeachia kitufe na winchi bado inavuta. Ndiyo maana sioni sababu ya kurudisha solenoidi nne za zamani hata kama zimesafishwa vizuri. Weka kontakta moja (swichi nzito ya sumaku) iliyozibwa, ya kugeuza mzunguko, kama zile za kampuni ya Albright, ya volti 12, halafu swichi kuu ya kukata umeme karibu na betri, yenye uwezo wa ampea 300 mfululizo, mahali unapoifikia bila kulala chini.

Kwenye nguzo hasi ya betri tazama kama kuna kidude cha plastiki chenye waya mwembamba. Ni sensa ya betri. Ukifunga hasi ya winchi kwenye nguzo yenyewe, kompyuta haioni umeme ulioutumia, inaamini betri imejaa, na alteneta inaendelea kuchaji kidogo tu. Ifunge upande wa pili wa sensa, kwenye bolti ya ethi ya kiwandani inapoanzia, na kutoka hapo peleka waya wa 50 hadi kwenye bodi ya mota. Usitegemee chesisi iliyopakwa rangi kuubeba mzigo huo.

Umeme mdogo wa kidhibiti uuchukue baada ya swichi kuu kupitia fyuzi ya ampea 10, kamwe si kwenye waya wa taa au soketi inayosimamiwa na kompyuta. Koili ikizimwa hutoa mshtuko wa volti, na vifaa vya kisasa havipendi hilo. Rimoti isiyo na waya ni nzuri, ila soketi ya rimoti ya waya ibaki.

Waya wa kiwandani ulikuwa wa chuma, milimita 8, urefu wa mita 46 hivi. Kwa kuwa breki haiko ndani ya ngoma, ngoma haipati joto lake, na hivyo kamba ya sintetiki inakaa vizuri kwenye winchi hii. Ukibadilisha, badilisha pia roli za mbele zinazoongoza waya: zilizokwaruzwa na chuma zitaikata kamba. Acha mizunguko 5 ya chuma au 10 ya sintetiki kwenye ngoma kabla ya kuvuta. Na kumbuka nguvu inapungua kwa tabaka: ngoma ya milimita 64 yenye waya wa 8 inayovuta kilo 3600 kwenye tabaka la kwanza hubaki na takriban 2950 kwenye la pili, 2500 la tatu, 2150 la nne. Mti ukiwa karibu, toa waya mwingi, uupitishe kwenye puli iliyofungwa mtini na uurudishe kwenye gari.

Kabla ya tope la kwanza, nenda kwenye mteremko mpole. Funga ndoano kwenye nanga imara, weka vigingi sentimita 30 nyuma ya matairi, mtu mmoja akae ndani mguu ukiwa karibu na breki. Vuta mita 2, achia kitufe, toa gia na breki ya mkono, kisha chora mstari wa chaki kutoka ubavu wa tairi hadi chini. Gari likishuka kidogo likashika, sawa. Mstari ukiendelea kuachana ndani ya dakika 5, breki ifunguliwe: diski zimeisha, mafuta si yale yaliyoelekezwa na mtengenezaji, au waya umezungushwa kinyume. Ukimaliza, gusa kila kiungo cha waya kwa mkono, swichi kuu ikiwa imezimwa. Kimoja kikiwa cha moto kuliko vingine, hapo ndipo palipobanwa vibaya. Baada ya mvuto mzito wa kwanza rudia kukaza bolti zote, za miguu na za chesisi.